Kucheleweshwa si kuchelewa: wanawake wa jamii za asili wanaporudi darasani ukubwani

Mwaka 1876 Bunge la Kanada lilipitisha sheria yenye kifungu cha ajabu. Mtu wa jamii za asili aliyepata digrii ya chuo kikuu, au aliyekubaliwa kuwa daktari, wakili au kasisi, alihesabiwa papo hapo kuwa ametoka katika jamii yake. Jina lake lilifutwa kwenye daftari la serikali, na haki zake za kuishi katika ardhi ya ukoo wake zikaenda na maji. (Sheria yenyewe iliwaita watu hao Wahindi. Kosa hilo la Columbus, aliyedhani amefika India, limeganda katika vitabu vya sheria hadi leo.) Miaka minne baadaye kifungu kililegezwa, kufutwa kwa jina kukawa kwa maombi ya mhusika mwenyewe. Ila ujumbe ulikuwa umeshafika vijijini: ukisoma sana, unatoka nyumbani na hurudi.

Naanza na kifungu hicho kwa sababu habari za wanawake wa jamii za asili wanaorudi shule wakiwa na miaka thelathini, arobaini au sitini huwa na sura moja. Bibi amevaa joho na kofia ya mahafali, wajukuu wanapiga vigelegele, mpiga picha anamwomba ainue cheti juu kidogo. Tunaipenda picha, tunaisambaza, kesho yake tumeisahau. Hatuulizi bibi huyu alikuwa wapi alipokuwa na miaka kumi na minane. Mara nyingi jibu halihitaji hata kumsumbua, kwa sababu limeandikwa kwenye sheria, kanuni na bajeti za serikali, na tarehe zake zipo.

Kwanza, tunamzungumzia nani?

Neno lenyewe lina utata, hasa kwa msomaji wa Afrika. Mwambie Mwafrika kwamba kuna "watu wa jamii za asili" naye atakuuliza: na mimi je, nimedondoka kutoka mwezini? Kanada, Marekani, Australia na Nyuzilandi mpaka uko wazi: kuna waliokuwapo, kisha wakaja walowezi. Barani kwetu Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliona kwamba kuuliza nani alifika kwanza hakusaidii. Ikatazama jamii ambazo maisha yake yameshikamana na ardhi fulani, ambazo zilidharauliwa kwa ajili ya maisha hayo, na ambazo mipango ya serikali ilizipita kando kwa kuwa ilitungwa kwa ajili ya wakulima na watu wa mjini. Ndiyo sababu hutajwa Wahadzabe, Wasan, Wabatwa, Waogiek, Wamasai. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika iliwatambua Waogiek wa msitu wa Mau kuwa watu wa asili kwa maana hiyo, katika kesi dhidi ya serikali ya Kenya.

Septemba 2007 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili. Kifungu cha 14 kinasema wana haki ya kuanzisha na kuendesha mifumo yao ya elimu, kwa lugha zao na kwa namna yao ya kufundisha. Nchi 144 zilikubali, 11 hazikuegemea upande wowote, Kenya ikiwa mojawapo, na nne zilikataa: Australia, Kanada, Marekani na Nyuzilandi. Zote nne zilibadili msimamo baadaye. Hata hivyo orodha hiyo inafaa kukaa kichwani, maana historia ya shule za nchi hizo ndiyo inayoeleza kwa nini leo mwanamke wa miaka arobaini na tano anaanza na sehemu na desimali.

Shule iliyofundisha kufua

Watu wengi hudhani mwanamke anayerudi shule ukubwani ni yule ambaye hakwenda kabisa. Wako wa namna hiyo. Lakini Kanada, Marekani na Australia wako wengi waliokwenda, tena kwa lazima, na ndiyo sehemu ya hadithi inayowapa watu shida kuielewa.

Watoto wapatao 150,000 walipitishwa katika shule za bweni za Kanada, tangu miaka ya 1880 hadi za mwisho zilipofungwa katika miaka ya 1990. Tangu 1920 sheria iliwalazimisha watoto kwenda. Kwa miongo mingi shule hizo ziliendeshwa kwa mtindo wa nusu siku: saa chache darasani, saa zilizobaki kazini. Wavulana walipelekwa shambani, zizini na kwenye karakana. Wasichana walifua, wakashona, wakadeki, wakapika, na kazi hiyo ndiyo iliyoiendesha shule, kwa kuwa serikali ilitoa fedha kiduchu. Piga hesabu mwenyewe. Binti aliyekaa miaka minane katika shule kama hiyo alipata masomo ya miaka minne, na hiyo ni kama mwalimu alikuwa na sifa za kufundisha, jambo ambalo halikuwa la uhakika. Alitoka akijua kupiga pasi mashuka ya wamisionari. Kwenye makaratasi, huyo alikuwa amesoma.

Zaidi ya hapo kulikuwa na viboko kwa anayezungumza lugha ya mama yake, njaa, maradhi, na udhalilishaji wa kingono ambao Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada iliuandika kwa kirefu ilipomaliza kazi yake mwaka 2015. Maelfu ya watoto hawakurudi nyumbani.

Marekani nayo ilikuwa na shule ya Carlisle, iliyofunguliwa Pennsylvania mwaka 1879 na kuwa kielelezo cha nyingine nyingi. Wanafunzi wake walipelekwa kukaa na familia za wazungu kwa miezi kadhaa, na kwa wasichana maana yake ilikuwa utumishi wa ndani. Australia hawakujisumbua hata kuficha jina. Nyumba ya Cootamundra, katika jimbo la New South Wales, iliitwa waziwazi mahali pa kuwafunza wasichana wa Kiaborijini, yaani wa jamii za asili za huko, kazi za ndani, na ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Wengi wa wasichana hao walikuwa wamenyang'anywa wazazi wao.

Jimbo hilohilo lilikuwa na kanuni nyingine, ya kufungia mlango kwa nje. Tangu 1902 mwalimu mkuu aliweza kumwondoa shuleni mtoto wa Kiaborijini iwapo wazazi wa kizungu wangelalamika kwamba hawamtaki. Malalamiko tu yalitosha. Ruhusa hiyo iliondolewa kwenye mwongozo wa walimu mwaka 1972. Msichana aliyezaliwa 1960 alikuwa na miaka kumi na miwili siku inaondolewa, na leo ana sitini na kitu. Akionekana kwenye darasa la jioni, huenda ni mtu ambaye mlango wa shule ulimfungukia tayari akiwa na deni la miaka sita.

Kwa hiyo mwalimu wa watu wazima katika nchi hizi anakutana na mapengo ya aina mbili. Pengo la masomo ni rahisi kulipima: mpe mtu karatasi ya majaribio, utajua anaanzia wapi. Pengo la imani halina karatasi. Wako wanawake ambao harufu ya chaki na sakafu iliyopigwa dawa huwafanya watokwe jasho. Wako ambao hawakupita bwenini wenyewe, ila mama zao walipita, na mama hao wakawafundisha watoto wao kujificha gari la serikali likitokea. Mtoto aliyekulia katika nyumba ambamo shule ni mahali wanapochukuliwa watu hakuhitaji kufukuzwa ili aache masomo.

Ndoa iliyokula karo

Kuna kipande kimoja cha historia hii ambacho kinawahusu wanawake peke yao, na nashangaa kinavyotajwa mara chache elimu inapojadiliwa.

Chini ya sheria ya Kanada niliyoanza nayo, mwanamke wa jamii za asili aliyeolewa na mwanamume asiye na hadhi hiyo kisheria alipoteza hadhi yake, na watoto wake hawakuipata. Kaka yake akioa mzungu, hakupoteza chochote. Tena mke wake huyo mzungu ndiye aliyeandikishwa kuwa wa jamii ya asili. Dada anatoka kwenye daftari, wifi anaingia.

Hadhi hiyo si jina la heshima tu. Inabeba haki ya kuishi katika ardhi ya jamii, huduma fulani za afya na, katika miongo ya karibuni, haki ya kuomba fedha za serikali za kulipia masomo ya juu. Mwanamke aliyefutwa jina mwaka 1970 kwa sababu ya ndoa alifutiwa pamoja na karo, hata kama yeye mwenyewe hakujua hivyo siku ya harusi.

Jeannette Corbiere Lavell alipeleka suala hilo hadi Mahakama ya Juu ya Kanada na kushindwa mwaka 1973, majaji watano kwa wanne. Sandra Lovelace, wa jamii ya Tobique, alilipeleka kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 1981 ilisema Kanada imekiuka haki zake. Sheria ikabadilishwa mwaka 1985. Wa kwanza kurudishiwa hadhi alikuwa Mary Two-Axe Earley, Mmohawk wa Kahnawake aliyekuwa amelipigania jambo hilo kwa miongo miwili. Alikuwa na miaka 73. Waliorudishiwa au kupewa hadhi kwa marekebisho hayo walizidi laki moja baada ya muda, na kasoro nyingine ziliendelea kurekebishwa hadi mwaka 2019.

Sasa tazama mahesabu yanavyokwenda. Maelfu ya wanawake, wengi wakiwa na umri wa kulea watoto wakubwa au wajukuu, wanaambiwa sasa wanaruhusiwa kuomba fedha za masomo. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1996, serikali ya shirikisho inaweka kikomo: ongezeko la bajeti ya huduma za jamii hizo lisizidi asilimia 2 kwa mwaka. Idadi ya watu inakua haraka kuliko hapo, ada za vyuo nazo zinapanda. Fungu hugawanywa na mabaraza ya jamii zenyewe, ambayo yanabaki kupanga nani atangulie, na mara nyingi kijana aliyemaliza sekondari mwaka huo huwekwa mbele ya mama aliyeiacha miaka ishirini iliyopita. Siwalaumu wazee wa baraza. Ukipewa mkate mmoja na watoto kumi, kila utakavyokata utaonekana mwonevu. Ila ndivyo mwanamke yuleyule anavyocheleweshwa mara mbili, kwanza na daftari, halafu na foleni.

Mbona akina mama ndio wengi?

Nchini Australia karibu thuluthi mbili ya wanafunzi wa jamii za asili walioko vyuo vikuu ni wanawake, na kwa wastani umri wao uko juu kuliko wa wanafunzi wengine. Vyuo vya makabila nchini Marekani vimekuwa vikisema hivyohivyo kwa miaka mingi: mwanafunzi wao wa kawaida alikuwa mama wa miaka thelathini na ushee, mara nyingi akilea peke yake. Maelezo ya hali hii ni zaidi ya moja, na sidhani kuna anayeweza kuyatenga kabisa.

Sababu iliyo wazi ni ajira. Katika vijiji vingi vya jamii hizi kazi za mshahara ni za shule, zahanati na ofisi ya ustawi wa jamii, na wanawake wamekuwa wakizifanya kwa muda mrefu kama wasaidizi: msaidizi wa mwalimu, msaidizi wa muuguzi, mkalimani. Mwalimu mwenye cheti anatoka mjini, anakaa miaka miwili, anaondoka. Msaidizi ndiye anayejua kila mtoto ni wa nani na analia kwa nini. Taasisi ya Batchelor, kusini ya mji wa Darwin, ilichipuka hasa kutokana na hitaji hilo, la kuwapa mafunzo wasaidizi wa Kiaborijini waliokuwa tayari kwenye madarasa ya vijijini. Mwanamke kama huyo anaporudi shule anakwenda kuchukua karatasi ya kazi anayoifanya tangu ujana wake. Kwa wanaume, kazi za migodini, ufugaji na ujenzi hazikudai karatasi kwa kiwango hicho, na wengi wao wako gerezani kwa uwiano ambao serikali za nchi hizi huusoma kwa aibu kila mwaka.

Sababu nyingine inaanzia kwa watoto. Nyuzilandi inatoa mfano mzuri kuliko yote ninayoijua. Kufikia miaka ya 1970 Kimaori, lugha ya jamii ya asili ya huko, kilikuwa kinakufa. Wazazi waliochapwa shuleni kwa kukizungumza walikuwa wameamua kutowarithisha watoto wao adhabu hiyo. Mwaka 1982, huko Wainuiomata karibu na Wellington, kilifunguliwa kiota cha kwanza cha lugha, kōhanga reo, ambako bibi na babu waliwalea watoto wachanga kwa Kimaori kitupu. Ndani ya miaka mitatu viota vilikuwa mamia. Mama wa rika la kati ndiye aliyejikuta pabaya. Mama yake anaijua lugha, mwanawe wa miaka minne anaijua, yeye katikati ni bubu. Akaanza kukaa nyuma ya darasa la watoto. Kisha akaombwa asaidie kuendesha kiota, akatakiwa awe na sifa, akaanza kusomea cheti cha Whakapakari kilichobuniwa na waendeshaji wa viota wenyewe. Wengi waliingia masomo ya juu kwa mlango huo, wakimfuata mtoto.

Hapo ndipo umri unapoeleweka. Mwanamke aliyepata watoto mapema anafika miaka thelathini na tano mdogo wake akiwa anajivalisha viatu mwenyewe. Kwa mara ya kwanza jioni zake zina saa. Kalenda ya vyuo inamwita mwanafunzi aliyechelewa, lakini kwa kalenda ya maisha yake mwenyewe yuko kwa wakati.

Katika Afrika Mashariki kufuli hazifanani na hizo zote. Hapa zaidi ni umbali, kuhama na mifugo, na kuolewa kabla ya kumaliza. Tanzania Bara, hadi Novemba 2021, msichana aliyepata ujauzito hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali; waraka wa mwezi huo ulifungua mlango kwa wote, wafugaji na wasio wafugaji. Aliyepita umri hubaki na njia ya elimu ya watu wazima na mtihani wa maarifa unaomwezesha kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia ipo. Imewekwa tu mbali na boma.

Mtihani siku ya mazishi

Wakifika, wengi huondoka kabla ya kumaliza. Takwimu za vyuo huwaandika kuwa wameacha masomo, neno linalofanana na uvivu. Ukichimba unakuta mambo ambayo mtunga ratiba hakuyawaza.

La kwanza ni misiba. Katika jamii za Waaborijini, mtu akifa shughuli husimama, na ndugu kwa maana pana ya ukoo hutakiwa kuwapo kwa siku kadhaa, pengine wiki. Kwa Wamaori maiti halali peke yake, na maombolezo huchukua siku tatu hivi. Umri wa kuishi wa jamii hizi uko chini kuliko wa wananchi wenzao, kwa hiyo misiba ni mingi. Mwanamke wa miaka hamsini ndiye nguzo ya shughuli hizo. Ukimpangia mtihani wa muhula siku ya tatu ya msiba wa shemeji yake, unamtaka achague kati ya kufeli somo na kufeli kuwa mtu. Fomu ya kuahirisha inamtaka alete ushahidi kwamba marehemu ni ndugu wa karibu, na "karibu" kwenye fomu ni mzazi, mwenzi au mtoto.

La pili ni kwamba anaowalea ni wengi. Chuo kinampima kama mtu mmoja mwenye saa ishirini na nne. Nyumbani kuna wajukuu wawili wa binti aliyeko mjini, mzee anayehitaji kupelekwa kusafishwa figo, na kikao cha baraza. Vyuo vikiweka huduma ya kulea watoto huona tofauti haraka kuliko kwa kuongeza washauri nasaha. Kauli hii inaweza kuwakera washauri nasaha.

Halafu kuna namna ya kuuliza. Insha ya chuo humtaka mwandishi atoe hoja yake mstari wa kwanza na kuwapinga waliomtangulia. Mwanamke aliyelelewa kwamba mbele ya wakubwa unasikiliza kwanza, na kwamba simulizi zina wenyewe na huzisemi bila idhini, atakaa na ukurasa mweupe wiki nzima. Mhadhiri ataandika pembeni: haonyeshi fikra huru.

Shule zilipohamia kwao

Mabadiliko yaliyozaa matunda zaidi yalitokea pale ambapo jamii zilichukua shule zenyewe. Mwaka 1968 Wanavajo walianzisha chuo chao, cha kwanza kumilikiwa na kabila nchini Marekani, kinachoitwa sasa Diné College, chenye makao Tsaile, Arizona. Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuvisaidia vyuo vya namna hiyo mwaka 1978, na leo viko zaidi ya thelathini, vingi vikiwa ndani ya maeneo ya makabila yenyewe. Mama hahitaji kuhamia mji mgeni. Anaendesha gari saa moja, anasoma, anarudi kupika.

Kanada lilitokea jambo lenye ukali zaidi. Mwaka 1970 wazazi wa jamii zilizozunguka shule ya bweni ya Blue Quills, Alberta, waliingia ndani ya jengo na kukaa humo wiki kadhaa wakidai wakabidhiwe. Wakakabidhiwa, ikawa ya kwanza nchini kuendeshwa na jamii za asili. Leo ni chuo kikuu. Mwanamke anaweza kuchukua digrii katika jengo ambalo mama yake alipigiwa kwa kusema Kikrii, na Kikrii kikiwa mojawapo ya masomo.

Nyuzilandi iliyatambua kisheria mwaka 1990 mavuno ya harakati zake, vyuo viitwavyo wānanga, ambavyo ni vitatu. Huko masomo mengi hufanyika kwa mikesha ya mwisho wa wiki maraeni, yaani kwenye viwanja vya mikutano vya Wamaori, ambako wanafunzi hulala pamoja ukumbini, hupika pamoja, na hakuna anayeshangaa mtu akija na mjukuu.

Kwa wale ambao hata herufi hazijakaa, Bolivia iliendesha kampeni kati ya 2006 na 2008 kwa mbinu ya Kikuba ya masomo ya video, ikifundisha pia kwa Kiaymara na Kiquechua. Zaidi ya watu laki nane walijifunza kusoma, wengi wao wanawake wa vijijini. Ninachokipenda katika kampeni hiyo ni mambo madogo. Waligundua kwamba bibi wengi "wazito wa kuelewa" walikuwa hawaoni tu, wakagawa maelfu kwa maelfu ya miwani. Vijiji havikuwa na umeme wa kuwasha televisheni, wakapeleka paneli za sola. Mwaka 2012 mbinu hiyohiyo ilipelekwa Wilcannia, mji mdogo wa Australia wenye Waaborijini wengi, na walioshika darasa walikuwa watu wa hapohapo, ambao wanafunzi wangeweza kuwatania.

Karatasi inamthibitisha nani?

Bado kuna swali ambalo halijapata jibu moja. Mwanamke aliyezalisha watoto mia akiandikishwa mwaka wa kwanza wa ukunga, nani hasa anamfundisha nani?

Wainuiti wa Nunavik, kaskazini ya Quebec, walilikabili. Kwa miaka mingi wajawazito wao walipakiwa kwenye ndege wiki kadhaa kabla ya siku zao na kwenda kujifungulia kusini, peke yao, miongoni mwa watu wasiojua lugha yao. Mwaka 1986 wanawake wa Puvirnituq walifanikiwa kufunguliwa kituo chao cha uzazi. Wakunga walifunzwa palepale, kazini, hatua kwa hatua, kwa Kiinuktitut na lugha nyingine, na maarifa ya wazee yakiwa sehemu ya mtaala. Mwanafunzi aliendelea kukaa kwake. Mamlaka ya wakunga ya Quebec ilikuja kuwatambua waliohitimu hapo. Ilichukua miaka mingi, na katika miaka hiyo watoto waliendelea kuzaliwa kwa mikono yao.

Wapo wanaoona kuingiza maarifa ya mama katika moduli na alama ni kuyatia kwenye chupa. Wasiwasi huo una uzito, maana shule ileile iliyokuja kuua lugha ndiyo sasa inayotoa cheti cha lugha. Upande wa pili yuko mwanamke anayelipwa nusu ya mshahara wa mtu anayemfundisha kazi, kwa sababu hana karatasi. Nikilazimishwa kuchagua, nitaanza na mshahara.

Deb Haaland, wa Laguna Pueblo, alimaliza sekondari New Mexico akaenda kufanya kazi kwenye duka la mikate. Alijiunga na chuo kikuu akiwa na miaka 28, akahitimu mwaka 1994, na siku nne baada ya mahafali akajifungua binti. Alimlea peke yake, wakati mwingine kwa msaada wa chakula wa serikali, na shahada ya sheria aliipata mwaka 2006. Babu na bibi yake upande wa mama walichukuliwa kwa wazazi wao wakiwa na miaka minane kupelekwa bwenini. Mwaka 2021 aliapishwa kuwa waziri wa mambo ya ndani wa Marekani, wizara ambayo ndiyo iliyosimamia shule hizo, na akaagiza zichunguzwe. Ripoti ya kwanza ilitaja shule 408 za serikali ya shirikisho kati ya 1819 na 1969. Julai 2022 alianza ziara ya kuwasikiliza waliopitia humo, na kituo cha kwanza kilikuwa shule ya Riverside, Anadarko, jimbo la Oklahoma. Wazee walisimama mmoja mmoja na kusema waliyotendewa walipokuwa wanafunzi hapohapo. Shule hiyo ilikuwa bado inafundisha, chini ya wizara yake.